Tunaposema "ya Mchina", tunamsema nani?

Mwezi Agosti, upepo wa Hombolo ukiwa umeshakausha kila kitu isipokuwa mbigili, seminari yetu ilibaki bila mpira. Wa mwisho ulipasuka katikati ya mechi ya mwaka wa kwanza na mwaka wa pili, tena kwa aibu. Hakuna aliyeupiga. Ulibingirika wenyewe hadi kwenye mwiba wa mgunga kando ya uwanja, ukaanza kutoa pumzi polepole huku sisi tumesimama tunautazama. Anayeujua uwanja wetu hatashangaa. Ardhi ni ngumu kama sakafu, changarawe zinakwangua, na mbigili zinaota hata pale ambapo nyasi zimekata tamaa. Mpira ambao kwingine ungemaliza mwaka, hapa kwetu unahesabiwa wiki.

Tukachangishana. Pamoja na kile alichotuongezea Padre mlezi, tulifikisha shilingi 120,000. Wawili wetu wakatumwa Dodoma mjini, wakapewa agizo fupi ambalo bwalo zima lililisema karibu kwa sauti moja: "Msituletee ya Mchina."

Makala hii inalihusu agizo hilo. Tumelifikiria tangu siku ile kuliko lilivyostahili, pengine kwa sababu lilitufikisha mahali ambapo hatukutegemea kufika. Na tunadhani msomaji wetu naye hulitoa mara kwa mara, anaponunua simu, jembe, soketi ya umeme au rozari.

Dukani, muuzaji aliweka mipira miwili juu ya meza. "Huu wa Mchina, elfu ishirini. Huu orijino, elfu themanini." Wajumbe wetu waliibonyeza, wakaidundisha, wakainusa (tunaambiwa mpira mzuri hunusa tofauti, ingawa hatujakutana na anayeweza kueleza tofauti hiyo). Walinunua orijino mmoja kwa ajili yetu. Kwa shilingi 40,000 zilizobaki wakachukua miwili ya Mchina kwa ajili ya watoto wa Utoto Mtakatifu, ambao hucheza nyuma ya kanisa la kigango kila Jumapili baada ya Misa. Waliporudi tuliwapongeza. Hakuna aliyeona tatizo, na kusema kweli tuliona ukarimu. "Watoto hawajui tofauti," mmoja wetu alisema, na hatukumpinga.

Jioni ile, tulipokuwa tunaupulizia ule wa elfu themanini, mwenzetu aliyeshika pampu akainamisha kichwa kusoma maandishi madogo karibu na tundu la kupulizia. Umetengenezwa China. Tukaichukua na ile miwili: China. Bwalo likacheka kwa muda mrefu. Wachache walisema tumetapeliwa, turudi mjini. Lakini tulikuwa tumetapeliwa nini? Mpira ule ulikuwa mzuri siku ile, na uliendelea kuwa mzuri. Ile miwili ya watoto haikuwa na maisha marefu. Wa kwanza ulikufa siku ya tisa, wa pili haukufika Jumapili ya tatu.

Ndipo mtoto mmoja, wa darasa la nne hivi, akatuuliza swali tulipokwenda kuwafundisha nyimbo. "Frateri, ule wenu nao ni wa Mchina?" Tukamwambia ndiyo, nao umetoka China. Akafikiri kidogo. "Sasa mbona wenu haupasuki?"

Sisi ni wanafunzi wa falsafa. Katika somo la mantiki tunafundishwa kulikamata neno linalobeba maana mbili ndani ya hoja moja, kwa sababu hoja ya namna hiyo hudanganya bila kusema uongo. Neno "Mchina" linafanya kazi hiyo midomoni mwetu kila siku. Kwa maana moja ni mtu wa nchi fulani. Kwa maana nyingine ni kitu hafifu cha bei rahisi. Tunaruka kutoka maana moja hadi nyingine bila kujisikia. Kilicho kizuri kutoka China tunakiita orijino. Kilicho kibovu, hata kikitoka kichochoro cha jirani, tunakiita cha Mchina. Tumewahi kumsikia fundi ujenzi akiuita mchanganyiko dhaifu wa saruji "zege la Mchina", na saruji yenyewe ilikuwa ya hapahapa nchini. Kwa mtindo huo usemi wetu hauwezi kukosolewa na ushahidi wowote, kwa maana kila ushahidi unaoupinga tunaubadilisha jina.

Na ushahidi haukosekani. Kombe la Dunia la 2010, la kwanza kuchezwa Afrika, lilichezwa Afrika Kusini kwa mpira ulioitwa Jabulani. Makipa waliulalamikia sana kwamba unayumba hewani, lakini hatukumsikia mtu akisema ni mpira wa Mchina. Ulitengenezwa China. Nembo ilikuwa ya kampuni ya Ulaya, na nembo ndiyo tuliyoiona. Upande mwingine, tunakumbuka vizuri Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu feki nchi nzima. Tulikuwa sekondari wakati huo. Majirani waliamka na simu zisizoshika mtandao, na lawama zote zikapelekwa kwa Mchina. Hatumsafishi mtu. Simu zile nyingi zilitoka huko kweli. Ila hazikutembea kwa miguu yake hadi kijijini. Kuna aliyeziagiza akijua ni feki, kuna aliyezipitisha, kuna aliyeziuza kama orijino, na hao walikuwa na majina kama yetu.

Kuna mzee mmoja wa jumuiya yetu ndogondogo tunayemtembelea siku za Alhamisi. Humwendea kwa "Mbukwenyi" hata wale wetu waliotoka Kagera na Ruvuma, kwa kuwa hupenda kusikia Kigogo chetu kibovu. Tulimsimulia kisa cha mipira tukitarajia acheke. Hakucheka. Alituambia kwamba ujanani alikwenda kufanya kibarua cha reli ya TAZARA, upande wa Mlimba, na kwamba wakati ule kumwambia mtu "unafanya kazi kama Mchina" ilikuwa sifa. "Wanangu, wale watu walikuwa wanalala kwenye mahema kama sisi. Wanachimba handaki, wanatoka wamejaa tope, hujui nani Mchina nani Mgogo."

Tulirudi tukasoma. Reli ile ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ujenzi ulianza 1970, na mwaka 1976 ikakabidhiwa rasmi, kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya mataifa ya Magharibi kusema haitalipa. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, ndiko alikokuwa mzee wetu, ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, milima na mabonde na mahandaki. Huko Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, yapo makaburi ya wataalamu wa Kichina zaidi ya 60 waliofia katika kazi hapa nchini. Miaka hiyohiyo, kiwanda cha nguo cha Urafiki na kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, UFI, vilijengwa kwa msaada wao. Jembe la UFI, mzee anasema, lilikuwa linaliwa na ardhi mpaka linabaki kama kijiko, na bado halijavunjika. Yaani jembe la Mtanzania lililotoka katika mashine za Mchina.

Kwa hiyo, katika maisha ya mtu mmoja anayeishi Hombolo, neno moja limetoka kuwa sifa ya bidii hadi kuwa tusi la ubovu. Jambo hilo si la kwetu peke yetu. Mwaka 1887 Waingereza walitunga sheria iliyolazimisha bidhaa za kigeni kuandikwa zilikotoka, na shabaha mojawapo ilikuwa kumwonya mnunuzi dhidi ya visu na mikasi ya Kijerumani, iliyohesabiwa kuwa ya ovyo na ya kuigiza. Leo mtu akiuza msumeno wa Kijerumani hutangulia kuonyesha maandishi hayohayo. Nchi haikuhama. Kilichobadilika ni kile ambacho watu waliiagiza Ujerumani itengeneze, na kile ambacho Wajerumani wenyewe walikubali kukitengeneza.

Kuagiza. Hapa ndipo tunapotaka kukaa, kwa sababu kiwanda hutengeneza kwa oda. Mfanyabiashara akifika na sampuli ya mpira akasema, "Nataka unaofanana na huu, ila unishushie bei mpaka hapa," kiwanda kitapunguza unene wa ngozi ya plastiki, kitaweka kibofu chepesi zaidi, kitatumia gundi pale ambapo palihitaji uzi. Siyo siri wala hila. Ni hesabu. Mfanyabiashara naye anafanya hivyo kwa sababu anatujua sisi. Anajua kwamba kontena likifika Kariakoo, na mzigo ukipanda basi kuja Dodoma, mnunuzi ataanza na swali moja, "Mwisho bei gani?" Tangu Julai 2025 serikali imezuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, nyingi zikiwa za rejareja, na tuliowasikia wengi walifurahi kwamba sasa Mchina ametoka madukani. Huenda ni haki kwa wachuuzi wetu, hatubishi. Lakini mpira wa elfu ishirini bado uko rafuni, mwembamba vilevile, na anayeuagiza ni ndugu yetu.

Mwaka huu tunamsoma Mtakatifu Thomas wa Akwino, na kwa bahati tulikuwa tumefika kwenye swali la 77 la sehemu ya pili ya sehemu ya pili ya Summa, linalohusu udanganyifu katika kununua na kuuza. Tuliingia katika swali hilo tukiwa na kesi mkononi. Tulitaka kumhukumu muuzaji. Thomas anatusaidia katika hilo, kwa kuwa anafundisha kwamba muuzaji anawajibika kuisema kasoro iliyofichika, ingawa hawajibiki kuitangaza ile ambayo kila mwenye macho anaiona, kama farasi aliye na jicho moja. Ajabu ni kwamba kwa kipimo hicho muuzaji wetu alisimama vizuri. Alituambia wazi kwamba huu ni hafifu na huu ni imara, akataja bei za kulingana. Lugha yake ilikuwa na kosa la jiografia tu.

Kilichotuchoma kilikuwa katika makala ya kwanza ya swali hilohilo. Tulizoea kuwaza dhuluma ya sokoni kama kazi ya muuzaji anayepandisha bei. Thomas anaitazama meza kutoka pande zote mbili. Kuuza kwa zaidi ya thamani ni kinyume cha haki, na kununua kwa chini ya thamani vilevile. Mnunuzi naye anaweza kuwa mwizi. Tumekaa na jambo hilo kwa majuma kadhaa. Tunajua tuliyasoma maneno hayo hata kabla ya Agosti, kwa kuwa yamepigiwa mstari katika nakala ya maktaba kwa kalamu ya mmoja wetu, lakini tulikuwa tumeyapita kama mtu apitavyo kaburi la asiyemjua.

Sasa mpira unaouzwa shilingi 20,000 Dodoma, baada ya meli, forodha, kodi, Kariakoo, basi, pango la duka na faida ya kila aliyeugusa, ulimwachia shilingi ngapi yule aliyeutengeneza? Hatuna namna ya kumwona. Tunaweza tu kuwaza mwanamke wa rika letu, aliyetoka kijijini kwao kwenda mjini kutafuta ajira, amesimama mbele ya mashine zamu ya usiku. Katika nchi yake hakuna chama huru cha wafanyakazi cha kumsemea. Leo XIII aliandika tangu 1891, katika Rerum Novarum, kwamba mapatano ya mshahara hayatoshi kuwa ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana, ikiwa mmoja amekubali kwa kubanwa na shida. Na Benedikto XVI, katika Caritas in Veritate ya 2009, anafundisha kuwa kununua si tendo la uchumi peke yake, ni tendo la kimaadili. Sisi tulikuwa tumemcheka mwanamke huyo mara mbili. Kwanza tulipomlipa kidogo, halafu tulipoudharau mpira wake kwa kuwa ulikuwa na thamani ya kile tulicholipa.

Mwenzetu mmoja, ambaye tunamheshimu kwa ukali wa akili yake, alisema hapa kwamba basi njia ya uaminifu ni kuacha kabisa kununua vitu vya China, kwa sababu ya wafanyakazi hao, na kwa sababu ya mambo ambayo Kanisa limepitia huko. Hatukumdharau. Kila tarehe 24 Mei tunaungana na Kanisa zima kuwaombea Wakatoliki wa China, kama alivyoomba Benedikto XVI mwaka 2007, chini ya ulinzi wa Bikira Maria Msaada wa Wakristo anayeheshimiwa Sheshan, karibu na Shanghai. Lakini tulimwomba mwenzetu atembee nasi hadi chumbani kwake, tukahesabu. Taa ya kusomea umeme ukikatika, chaja, kandambili, ndoo, na rozari ya plastiki iliyoning'inia kitandani. Alikuwa anasali kwa ajili ya China juu ya shanga za China. Si jambo la kumcheka, tuliona ni zuri kwa namna yake. Zaidi ya hayo, Kiti Kitakatifu chenyewe tangu 2018 kina mapatano ya muda na China kuhusu uteuzi wa maaskofu, yaliyorefushwa zaidi ya mara moja, na Wakatoliki wema wanatofautiana juu yake. Mahali ambapo Kanisa limechagua kuendelea kuzungumza, seminari moja ya Hombolo haina sababu ya kununa.

Kuna pia mbinu ambayo imewahi kufanikiwa, nayo haikuwa kununa. Katika miaka ya 1990 dunia iligundua kwamba mipira mingi ya soka inashonwa kwa mkono mjini Sialkot, Pakistani, na vijiji vinavyouzunguka, na kwamba sindano nyingi zilikuwa mikononi mwa watoto. Watoto walikuwa wanashona mipira ambayo watoto wengine wangeicheza. Kelele za wanunuzi zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1997 wenye viwanda wa Sialkot, pamoja na Shirika la Kazi Duniani na UNICEF, walitia saini mapatano ya Atlanta ya kuwaondoa watoto katika kazi hiyo na kuruhusu ukaguzi. Haikumaliza kila kitu. Lakini Sialkot haikuachwa, iliulizwa maswali, na hadi leo ni mji mkuu wa mipira duniani. Mingi ya mipira ya Kombe la Dunia la 2014 ilitoka huko.

Wengine watauliza kwa nini tusinunue vya kwetu. Swali zuri, na hapa katikati ya nchi linauma zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kwa wingi wa ng'ombe. Wagogo ni wafugaji tangu zamani, na kila anayepita machinjioni anaona ngozi zilivyo nyingi na bei yake ilivyo ya kusikitisha. Mpira wa kwanza ulikuwa ngozi! Tuna uzoefu mchungu pia. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa iuzwe Ulaya, na hakikuwahi kufika hata moja ya kumi ya lengo hilo kabla ya kufungwa. Ukubwa peke yake haukusaidia. Nairobi, tangu 2004, Alive and Kicking wanashona mipira ya ngozi kwa mkono, wakiikusudia kwa viwanja kama vyetu vya kokoto na miiba. Tumeambiana kwamba siku tukipata mtu anayetoka huko tutamwagiza mmoja. Hapa Dodoma hatujamwona anayeshona, ingawa ngozi ipo, mafundi wapo, na miiba haijawahi kutuangusha.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote dhidi yetu haitoki vitabuni. Inatoka kwa mama yeyote wa hapa Hombolo. Kwake "ya Mchina" ni ukombozi. Kipande kidogo cha sola na taa zake tatu vimeondoa koroboi na moshi wake nyumbani. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa shamba la zabibu limetoka China. Bodaboda iliyomfikisha mwanaye zahanati usiku ilikuwa SanLG. Ukimwambia asubiri mpaka apate shilingi 80,000 ndipo awanunulie watoto kitu cha haki, utakuwa umemfundisha maadili ya watu wenye mshahara. Hatuna jibu kamili kwa mama huyo, na tunamshuku kila anayesema analo. Tunachoweza kusema ni kwamba sisi hatukuwa mama huyo. Tulikuwa na 120,000 mkononi na tulikuwa na hiari. Tungeweza kununua mpira mmoja mzuri tukautumia kwa zamu na watoto. Badala yake tuliamua, bila hata kujua kwamba tunaamua, kwamba imara ni yetu na hafifu ni yao. Ndivyo hasa anavyofanya yule muagizaji tunayemlaani, anayetenga mzigo wa daraja la kwanza kwa nchi fulani na wa mwisho kwa Afrika, akisema moyoni kwamba hawa hawajui tofauti.

Watoto walijua. Walikuwa wataalamu wa mipira kuliko sisi. Kabla hatujawaletea yetu walikuwa wanacheza chandimu ya matambara na kamba za katani. Zamani walijaza mifuko ya plastiki, ambayo huudundisha kidogo, lakini tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 inawabidi watafute viroba na nguo kuukuu. Chandimu haipasuki kwa mbigili. Mmoja wao alitueleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba mipira yetu ile miwili ilikuwa mizuri kwa kuitazama.

Tuliichukua ile miwili tukaipeleka kwa fundi viatu wa hapa. Aliufungua mmoja kwenye mshono, akatoa kibofu na kukiinua juani. Ulikuwa unaona vidole vyake kwa upande wa pili. Gamba la nje, alisema, lingefaa, tena limeshonwa na mtu anayejua kazi. "Huyu aliyeshona si mbaya. Aliyempa vifaa ndiye alibana." Alikata kibofu cha mpira mwingine uliochakaa, akakiziba, akakiingiza, akashona upya kwa uzi wa viatu. Shilingi 3,000. Mpira huo sasa una umbo la kiazi upande mmoja, na bado unacheza.

Kamati ya michezo imependekeza kwamba mpira ujao wa seminari na mpira ujao wa watoto vinunuliwe siku moja, duka moja, bei moja. Mtunza hazina amepinga, na hoja yake ni ya hesabu, si ya roho mbaya: mchango wa muhula huu umefikia shilingi 95,000 na mipira miwili imara ni 160,000. Majadiliano yataendelea baada ya mitihani. Kwa sasa ule wa elfu themanini tunautumia siku za kazi, na Jumapili baada ya Misa unakwenda nyuma ya kanisa la kigango. Jumapili iliyopita uliporudi, tuliona mshono mmoja karibu na tundu la kupulizia umeanza kuachia.